Lete Nikumalizie

Mama Chai alipanda daraja la pili saa nne asubuhi, akiwa ndiyo kwanza amemimina nusu ya kikombe cha Mchoraji. Kengele ndogo ililia juu ya kichwa chake, mwanga wa rangi ya asali ukamzunguka kuanzia kwenye kandambili hadi kwenye kilemba, na ile tarakimu moja iliyokuwa ikielea juu ya kilemba tangu asubuhi ikageuka kuwa mbili. Hakumwaga hata tone. Mchoraji alimuuliza kama amepanda, naye akajibu kwamba ndiyo, amepanda, na sukari iko upande wa pili wa sinia. Mchoraji akampa hongera, akachukua sukari.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Kazi yao ilikuwa kutengeneza mchezo mmoja mkubwa wa kompyuta, wa aina ile ambayo mchezaji anaanza akiwa mnyonge mwenye fimbo, anapigana, anakusanya alama za uzoefu, anapanda daraja baada ya daraja mpaka majoka yenyewe yanamwamkia. Asubuhi hiyo mfumo wa madaraja ulikuwa umewashwa kwa majaribio, na kwa kuwa nyaya zote za jengo zilipita kwenye sanduku moja ukutani, uliwaka kwa kila aliyekuwemo. Mlinzi wa mlangoni alikuwa na moja yake. Hata mteja mmoja aliyepanda ngazi kwa makosa, akitafuta godoro la futi tano, alishuka na moja kichwani, na kwa furaha akanunua la futi sita.

Aliyeupanga mfumo huo ni mwanamke aliyekaa pembeni mwa dirisha, ambaye wote walimwita Kasi. Si kwamba alikuwa mtu wa haraka. Huyu hata chai aliinywa ikiwa imepoa. Jina lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyeamua shujaa apande upesi kiasi gani: akiua popo wangapi afike la pili, akivuka mito mingapi afike la kumi. Wasiojua hudhani ni kazi ya kuweka namba tu. Thubutu. Ukimpandisha mchezaji upesi mno, anashiba kabla hajaonja. Ukimchelewesha, anazima kompyuta, anakwenda kulala, na akiamka ana mambo yake mengine. Kasi aliamini kwamba daraja zuri humfikia mtu akiwa ameanza kulitamani lakini hajaanza kulisubiri. Kati ya kutamani na kusubiri pana upenyo mwembamba, na kila alipoukaribia, mwili ulimsisimka mpaka akasimama na kuketi tena bila sababu.

Sasa, jamani, hebu fikiria raha aliyoipata. Miaka yote alikuwa akiwapima watu wa kwenye skrini, ambao hawana matumbo wala majirani. Leo alikuwa na Mama Chai, Mchoraji, Mlinzi na wengine, wakitembea mbele yake na tarakimu zao kichwani. Aligeuza kiti chake, akaipa kompyuta kisogo, akaanza kuwatazama.

Mwanzo aliwapandisha mbio. Mama Chai akawa anapanda kwa kila kikombe, kengele zinalia mfululizo kama baiskeli sokoni, na Mlinzi alipanda mara mbili kwa kufungua mlango na kuufunga. Siku mbili tatu wakafurahi, halafu wakachoka. Mama Chai alikuja kwenye meza ya Kasi na kumwambia, kwa upole, kwamba kitu chenyewe kimekuwa kama kupiga chafya: kinatoka, unajifuta, unaendelea na shughuli zako. Kasi akacheka, akageukia kompyuta, akaongeza alama zinazohitajika. Akaongeza kupita kiasi. Mchoraji akawa kila baada ya mstari mmoja anainua uso kuangalia tarakimu yake, mpaka shingo ikamkaa vibaya na ikabidi akandwe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, alilalamika, na mimi sasa imeniumiza na shingo. Kasi akapunguza kidogo. Akapunguza tena, kidogo zaidi. Akaongeza kwa unywele.

Halafu akaupata upenyo wenyewe.

Aliujua kwa sababu watu walianza kuwahi kazini. Mama Chai alikuwa akiingia akiimba. Mchoraji alichora majoka hata kwenye vitambaa vya kufutia mikono. Kengele ikilia mahali, kila mtu anainua kichwa na kutabasamu, hata kama si yake, kwa sababu anajua yake iko njiani. Na kila baada ya madaraja kadhaa mtu alipata kipawa, kama kanuni za mchezo zilivyotaka. Mama Chai alipata mkono mwepesi, akawa anabeba chupa zote za chai kwa kidole kimoja na kingine kinakuna sikio. Mchoraji alipata macho kisogoni, ya kahawia kama yale ya mbele, ikabidi anyoe nywele za nyuma ili yasiwashe. Mlinzi alipata kulala jicho moja likiwa wazi, ingawa wenzake walisema hicho alikuwa nacho tangu zamani.

Kasi mwenyewe alikuwa daraja la kwanza.

Aliupanga mfumo, akaupima, akaurekebisha, na moja yake ikabaki pale pale juu ya kichwa, imepauka kidogo kwa kukaa karibu na dirisha. Chanzo kilikuwa herufi moja. Siku ya kuandika kanuni ya kugawa alama, alikuwa ameandika kwamba alama apewe anayemaliza kazi. Maana yake ilikuwa yule anayeifanya mpaka iishe. Kisha faili likapita kwa Mkuu wa Kitengo, kama mafaili yote yalivyopita, na Mkuu akaona neno limepungukiwa. Akaongeza i. Alama apewe anayemalizia kazi.

Hakukusudia ubaya, tuseme ukweli. Mkuu alikuwa mtu mzuri, aliyekumbuka kuuliza hali za wagonjwa. Ila mkono wake ulikuwa umezoea neno hilo, kwa sababu ndilo alilolisema kutwa nzima. Ukiwa umetoka jasho na kazi yako, imebaki kidogo tu iishe, alikuja nyuma ya kiti chako, akainama, akanong'ona, "Lete nikumalizie." Akaweka tarakimu ya mwisho, akabonyeza kitufe, faili likaenda kwa Mwenye Kampuni. Kwa Mchoraji hakuthubutu, maana hakujua kushika kalamu, na kwenye chai hakuona cha kumalizia zaidi ya kunywa. Lakini kazi ya Kasi ilikuwa namba, na namba ya mwisho hata mtoto anaweza kuiweka. Kwa hiyo kila Kasi alipokamilisha jambo, kengele ililia mwisho wa korido, kwenye chumba cha Mkuu, na mwanga wa asali ukatokeza chini ya mlango.

"Huyo hakumalizii, mwanangu," Mama Chai alimwambia siku moja, akimimina. "Huyo anakumaliza."

Kasi alicheka, kwa sababu lilikuwa neno la kuchekesha. Mkuu wakati huo alikuwa amepita la thelathini na alikuwa amepata kipawa chake, nacho kilikuwa mkono mrefu. Zamani watu walikuwa wakisema pembeni kwamba Mkuu ana mkono mrefu. Sasa waliacha kusema, maana ulikuwa ukionekana. Mkono wake wa kulia uliweza kutoka chumbani kwake, ukapita korido nzima ukiwa ndani ya shati lile lile la mistari, ukafunga dirisha mvua ikianza, ukarudi. Watu waliupisha njiani. Mama Chai alikuwa akiuwekea biskuti.

Kisha Mwenye Kampuni, ambaye huonekana mara chache kama mwezi wa mchana, akaja na tangazo. Alisema kwa miaka mingi amekuwa akiumiza kichwa kujua nani apewe nini, lakini sasa Mungu amesaidia, kila kitu kiko juu ya vichwa. Mchezo huu utatolewa wiki ijayo. Siku hiyo, mwenye daraja la juu kuliko wote ndiye atakayeongoza mchezo unaofuata, atauchagua yeye, na jina lake ndilo litakalotangulia. Ofisi nzima ikashangilia. Moyo wa Kasi ukaruka kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Maana Kasi alikuwa na mchezo wake. Alikuwa nao kichwani tangu siku ya kwanza ya ajira. Mama yake mzazi, aliyeishi naye, alikuwa mkunga, na nusu ya watu wa mtaa wao walianza kuishi kwenye viganja vyake. Katika mchezo wa Kasi shujaa angekuwa mkunga, hana upanga, anakwenda nyumba hadi nyumba katika nchi yenye vita, na anapata alama kwa kuzalisha badala ya kuua. Aliwahi kumsimulia Mkuu habari hizo zamani, wakinywa chai, na Mkuu alisikiliza kwa makini, kichwa kimelala upande.

Jioni ya tangazo alimweleza mama yake huku wakichambua mchele. Mama alitaka kujua jambo moja tu: huyo mkunga wa kwenye mchezo atapanda kwa mwendo gani? Kasi akasema kama kawaida, mwanzo upesi, mwisho polepole. Mama akatikisa kichwa.

"Uchungu hauendi hivyo," alisema. "Unaanza kwa kutambaa mpaka unadhani hautafika. Halafu unakimbia, na wewe unakimbia nyuma yake."

Kasi aliweka ungo chini. Michezo yote aliyoijua huanza kwa kukimbia, ikaishia kutambaa. Huu ungeanza kutambaa na kuishia kukimbia. Mchezaji angengoja, angekata tamaa nusu, halafu madaraja yangemjia mfululizo, kengele juu ya kengele, na mwisho wa kengele zote, kilio cha mtoto. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Aliinuka akazunguka meza, akarudi akaketi, akainuka tena. Mama yake akaendelea kuchambua mchele peke yake, akicheka chini chini.

Aliutaka mchezo ule kuliko alivyowahi kutaka kitu, na aliijua njia. Kesho yake alifungua kanuni ya kugawa alama na kuifuta ile i. Anayemaliza kazi. Faili likaenda kwa Mkuu. Baada ya muda mfupi likarudi, na pamoja nalo sauti ya Mkuu kutoka mwisho wa korido, ya kirafiki kabisa.

"Ulisahau i, dada. Nimekumalizia."

Kengele ikalia.

Basi ikabaki njia moja. Mchezo wenyewe, ukishakuwa tayari, ulitolewa kwa kubonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta ya Kasi, kwa sababu mfumo wake ndio uliofunga kazi zote. Mwenye kukibonyeza angekuwa amemalizia kazi ya ofisi nzima, ya miaka yote. Kasi alipiga hesabu, akazirudia: mtu angeruka kutoka la kwanza hadi la juu kuliko Mkuu kwa pigo moja. Kidole kimoja, basi. Hata hakuona kuwa ni hila. Kazi ilikuwa yake, meza yake, kitufe chake, na kidole alizaliwa nacho.

Siku ya kutoa mchezo walikusanyika wote nyuma ya kiti chake. Mama Chai alikuja na sinia, Mlinzi aliacha mlango, wauza magodoro wakapanda kuangalia. Mkuu alikuwa chumbani kwake akiongea na simu, mlango umefungwa. Sauti yake ilisikika ikicheka. Mchoraji alisimama akiwa amewapa mgongo ili atazame kwa macho ya kisogoni, ambayo alisema yanaona mbali zaidi. Kasi alikagua mara ya mwisho. Kila kitu kilikuwa sawa. Alihisi kengele kabla haijalia, aliihisi kwenye nyayo, akajua kwamba ndivyo wanavyohisi wachezaji wake, na akafurahi kwamba aliwapimia vizuri. Aliinua kidole.

Mkono wa Mkuu ulitoka chini ya mlango. Ukaja kwa korido bila haraka, ukapita kwenye mtungi wa maji ya kunywa, ukapita katikati ya wauza magodoro, ambao waliupisha kwa adabu, ukapita juu ya bega la Kasi, na kidole chake cha shahada kikabonyeza kitufe.

"Nimekumalizia, dada," ilisema sauti ya Mkuu kutoka kule mbali. "Naona ulikuwa unasita."

Kengele ililia kwa muda mrefu mpaka Mama Chai akaweka sinia chini. Mwanga ulijaa korido yote, watu wakapiga vigelegele, na ulikuwa wakati mzuri kweli. Wauza magodoro walikumbatiana na watu wasiowajua. Mchezo ulikuwa umetoka. Mkuu alipofungua mlango tarakimu zake zilikuwa ndefu, ikabidi apite kiubavuubavu.

Mwenye Kampuni alikuja mchana huo huo. Aliangalia vichwa, akaona hakuna haja ya kuhesabu, akamshika Mkuu mkono, ule wa kawaida, akamuuliza mchezo unaofuata utakuwa upi. Mkuu akasema kwa muda mrefu amekuwa akiufikiria mchezo wa mkunga. Hana upanga, akasema. Anakwenda nyumba hadi nyumba. Anapata alama kwa kuzalisha. Na kusema haki, aliueleza vizuri, kwa hisia, na pale Mwenye Kampuni alipouliza kuhusu mwendo wa kupanda madaraja, Mkuu akasema hayo Dada Kasi atayaweka sawa, yeye kazi yake ni kumalizia tu.

Kasi alisimama. Hakuwa na desturi ya kusema mbele ya watu, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. Alikuwa amekasirika, alikasirika mpaka masikio yakamwuma.

"Mama yangu ni mkunga," alisema. "Mkunga naye humalizia, Mkuu. Wengine wanateseka, yeye ndiye anayepokea. Lakini hajawahi kuondoka na mtoto"

Alikomea hapo, kwa sababu hapo ndipo pumzi zilipoisha. Mama Chai alitazama chini, Mchoraji alifumba macho yote manne. Mkuu alikuwa amesimama mdomo wazi, na machozi yalimlengalenga, machozi ya kweli, maana narudia kwamba hakuwa mtu mbaya.

"Hayo ni maneno," alisema taratibu. "Jamani, hayo ni maneno. Hebu rudia, dada, polepole."

Kasi hakurudia, lakini halikuwa tatizo. Mchoraji alikuwa ameyashika, naye akayarudia. Mkono mrefu ukajinyoosha hadi kwenye kompyuta iliyokuwa karibu, ukafungua faili jipya, la kwanza kabisa la mchezo mpya, ukaandika neno kwa neno, yawe maneno ya kwanza mchezaji atakayoyaona. Hajawahi kuondoka na mtoto. Ukasita kidogo juu ya vitufe, kama unaotafuta kilichopungua. Kisha ukaweka nukta.

Kengele ikalia. Watu walipiga makofi, Mwenye Kampuni kwa nguvu kuliko wote, na Kasi akaona mikono yake nayo inapiga, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri na yalikaa vizuri pale kwenye skrini. Moja yake haikucheza.

Watu walitawanyika. Mama Chai alimmiminia kikombe, akajaza mpaka ukingoni. Kasi aliketi, akageukia kompyuta yake, akafungua ukurasa mtupu wa kupanga madaraja. Kutambaa kwanza, halafu kukimbia. Je, mtu unaweza kumweka akitambaa kwa muda gani kabla hajakata tamaa? Hakuna aliyejua. Pengine kupita tunavyodhani. Hasira ilikuwa haijamtoka, lakini vidole tayari vilikuwa vikimwasha, na mguu mmoja ukaanza kucheza chini ya meza. Aliandika namba ya kwanza, akaifuta, akaandika nyingine, na ile nyingine ilimpendeza.

Mkono wa Mkuu ulikuwa umefika na kujilaza mezani kando ya kipanya, kiganja juu, umetulia, haumharakishi. Kasi alikisogeza kikombe ili usiungue.